Zahanati yetu ilikaa siku sita gizani baada ya Hidaya. Tununue jenereta au sola?

Mkunga wa Kilwa aliandika:

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mafundi umeme na waliowahi kufanya kazi kwenye maafa.

Mimi ni muuguzi mkunga kwenye zahanati ya kijiji, Wilaya ya Kilwa. Tuko wahudumu watatu. Umeme wa gridi tunao na siku za kawaida hatuna shida kubwa. Mwaka 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuja, upepo ulianza Ijumaa tarehe 3 Mei, na Jumamosi usiku umeme ukakatika. Nguzo mbili zilianguka zikalala njiani, ya tatu ikabaki inaning'inia kwenye nyaya zake. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi nayo ikakatwa na maji kule Somanga, kwa hiyo hata mafundi wangetaka kuja, wangepita wapi? Tulikaa gizani siku sita.

Usiku wa Jumapili nikapokea mama, mimba ya tatu, uchungu umeshakolea. Mumewe alimleta kwa pikipiki hadi kwenye mkondo wa maji, wakavuka kwa miguu. Taa yetu ya chaji ilikuwa imeisha tangu saa mbili. Nikamzalisha kwa tochi ya simu iliyoshikwa na mama mkwe wake. Mkono ulikuwa unamtetemeka, na kila akiona damu anageuza uso, mwanga nao unageuka naye. Mtoto alitoka salama, kondo la nyuma likatoka, lakini damu haikukata upesi, na mimi sioni kama ni mchaniko au mji wa mimba haujakaza. Nilitafuta kwa vidole kitu ambacho kwa taa ningekiona mara moja. Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba damu ikate, ilikuwa kwenye friji iliyozimika tangu jana yake. Nikaichoma hivyo hivyo, sijui kama bado ina nguvu. Mama alipona. Nilipomaliza kumshona simu ilikuwa asilimia 9, na hiyo namba imenirudia ndotoni mara nyingi.

Jenereta tulikuwa nalo, la msaada, limekaa kwenye kibanda nyuma ya jengo kwa miaka. Mlinzi alivuta kamba mpaka kiganja kikachubuka, halikuwaka. Baadaye fundi akatuambia petroli ilikuwa imeharibikia ndani ya kabureta.

Sasa kijiji kimechanga shilingi milioni 3.2. Ni hela ya wavuvi na ya kina mama wa ufuta, kwa hiyo sitaki ipotee. Wengi wanataka jenereta kubwa la kuwasha zahanati nzima. Mwenyekiti anataka sola. Mimi sola naiogopa kwa sababu kimbunga huja na mawingu ya siku nyingi na kinaweza kupeperusha paneli. Jenereta nalo naliogopa, nimeshaliona likikataa. Vitu vyetu ni taa za chumba cha kuzalishia, mashine ya kufyonza ute, friji ya chanjo na mashine ya oksijeni ya lita 5. Jumamosi kuna kikao. Nataka niingie na hesabu mkononi. Nianzie wapi?

Fundi wa Temeke alijibu:

Pole sana Sista, na hongera kwa kazi hiyo. Mimi ni fundi umeme, huu mwaka wa 19, na nimefunga sola na majenereta kwenye zahanati kadhaa za Pwani na Lindi. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Kabla ya yote: kesho asubuhi nunua tochi mbili za kuvaa kichwani na betri zake, ziweke kwenye kisanduku cha vifaa vya kuzalishia. Usingoje kikao. Mwanga utafuata macho yako, na mama mkwe atashika mkono wa mwanawe.

Sasa hesabu. Achana kwanza na jenereta au sola. Andika kwenye daftari vitu ambavyo vikizimika usiku mtu anaweza kupoteza maisha, basi. Kila kitu kina wati zake, zidisha kwa saa kitakazowaka. Taa nne za LED za wati 9, saa 12: ni 432. Mashine ya kufyonza, tuseme wati 120, nusu saa: 60. Simu tatu za wahudumu, 15 kila moja: 45. Jumla kama 540 za wati-saa. Usiku mzima wa chumba cha kuzalishia ni huo. Pasi ya umeme inamaliza zaidi ya hapo kwa saa moja tu. Mnaona basi kwamba jenereta la kuwasha zahanati nzima ni kununua tembo wa kubebea kikapu.

Mzigo huo wape betri. Betri mbili za jeli, volti 12 za ampea-saa (Ah) 100, zina wati-saa 2,400, lakini jeli usiikamue zaidi ya nusu, itakufa mapema. Una 1,200. Paneli za wati 400 siku ya jua zuri zitakurudishia kama 1,400. Mawingu mazito hayazimi sola, yanaipunguza, mimi huhesabu robo: 350. Unatumia 540, unaingiza 350, unapungukiwa 190 kwa siku. Betri zikiwa zimejaa, 1,200 hiyo inakufikisha siku ya sita, na giza lenu lilikuwa siku sita. Ila siku ya upepo wenyewe paneli zitakuwa zimeshushwa, hautaingiza kitu, kwa hiyo bila msaada utaishia siku ya nne na kidogo.

Msaada huo ndio kazi ya jenereta, dogo, la petroli, kVA 2.5. Likiwaka saa tatu mchana na chaja ya ampea 20, linarudisha zaidi ya usiku mmoja, na saa hizo hizo linaendesha mashine ya oksijeni. Hiyo mashine inakula kama wati 350. Ukiiweka kwenye betri itazimaliza kwa saa tatu na nusu, nawe utabaki gizani na mgonjwa wako. Kwenye karatasi ya kikao andika kwa herufi kubwa: mgonjwa wa oksijeni hategemei betri hizi.

Chumba cha kuzalishia kifungiwe laini ya peke yake na soketi za rangi nyingine, nyekundu ikiwezekana. Usipofanya hivyo, siku moja mtu atachomeka birika la wati 2,000 kwa nia njema kabisa ya kumchemshia mzazi chai, na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, itazima. Vyombo vya kuzalishia chemsheni kwa gesi au mkaa kama kawaida.

Mafuta. Baada ya mafuriko kituo cha mafuta hakina umeme wa kuendesha pampu, na gari la kuleta mafuta limekwama upande wa pili wa mto. Mafuta yako ni yale yaliyoko kwenye dumu siku hiyo. Weka lita 40, mbali na jengo, kivulini. Jenereta dogo kwa mzigo mwepesi hula kama lita moja kwa saa. Kila baada ya miezi miwili yamimine kwenye pikipiki ya zahanati, nunua mapya. Kila wiki mbili liwashe dakika 15 likiwa na mzigo, halafu funga koki ya mafuta uliache lijizime lenyewe, kabureta ibaki kavu. Lenu la zamani liliharibiwa na petroli iliyoachwa humo ndani.

Sasa neno ambalo nalisema kwa kila mteja na sitaacha kulisema. Usikubali mtu akuunganishie jenereta kwa waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani. Umeme wako utatoka kwenye mita, utafika kwenye transfoma ya kijiji, na transfoma itaupandisha kurudi kwenye laini kubwa, volti 11,000 au 33,000. Fundi wa laini yuko juu ya nguzo anaunganisha waya, akiwa na hakika kwamba gridi imezimwa. Atakufa. Funga swichi ya chenji ova yenye hatua tatu, gridi, zima, jenereta, ili pande mbili zisikutane hata mtu akichanganyikiwa. Afunge fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kwenye hilo usibane matumizi.

Mwisho ni urefu. Kibanda kiko nyuma ya jengo, na nahisi ni mahali pa chini. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipopiga New York, hospitali ya NYU Langone ilikuwa na majenereta ya dharura, lakini maji yaliingia chini ya jengo kwenye pampu za mafuta. Wagonjwa takriban 300 walihamishwa, wengine wakiteremshwa ngazi mikononi. Fukushima mwaka 2011 nako tsunami iliyazamisha majenereta. Tafuta alama ya maji ya 2024 ukutani, panda mita moja juu yake, hapo ndipo mahali pa betri na inveta. Paneli zifunge kwa bolti kwenye fremu fupi ambayo watu wawili wanaishusha kwa nusu saa. TMA, mamlaka ya hali ya hewa, walitoa tahadhari ya Hidaya siku kadhaa kabla, muda wa kuzishusha ulikuwepo.

Mnyororo Baridi alijibu:

Sista, mimi niko upande wa chanjo, niseme kuhusu friji tu, maana Fundi hakuigusa na amefanya vizuri. Friji ya chanjo usiiweke kwenye betri za taa.

Angalia ni ya aina gani. Kama ni ya umeme yenye barafu kwenye kuta, ikijaa barafu vizuri na mlango ukabaki umefungwa, inashikilia ubaridi kama siku nzima hivi, inategemea joto la chumba. Siku sita haifiki. Ongea na DIVO, yaani afisa chanjo wa wilaya, mapema kuhusu friji ya sola isiyotumia betri kabisa: paneli inagandisha barafu, barafu inalinda chanjo, na hizo zinatengenezwa zishikilie siku tatu au zaidi bila jua. Hiyo ina utaratibu wake wa kupatikana, msiinunue kwa hela ya wavuvi.

Umeme ukikatika, funga mlango kwa kitambaa au plasta na uandike saa. Tunalenga nyuzi 2 hadi 8. Watu wanaogopa joto, lakini nimeshuhudia chanjo nyingi zaidi zikiharibiwa na barafu: mtu anachukua pakiti za barafu kutoka kwenye friza moja kwa moja, anazibana na chupa za chanjo ya pentavalenti, chanjo inaganda, imekufa. Ziache pakiti zitoe jasho kwanza mpaka usikie maji yanacheza ndani ukizitikisa.

Na oksitosini ikae humo humo pamoja na chanjo, uiwekee kikopo chake chenye jina. Ulifanya sawa kuichoma usiku ule. Dawa iliyokaa siku moja nje ya ubaridi haigeuki maji, na hukuwa na nyingine.

Mzee wa Kibiti alijibu:

Wanangu, nawasoma. Naomba nipingane kidogo. Mafuriko ya Rufiji Aprili 2024 yalitufundisha huku kwamba giza linavumilika kuliko kiu. Kisima chetu kina pampu ya umeme. Umeme ulipokatika watu walichota maji ya mafuriko yaliyopita kwenye vyoo. Watoto waliharisha, na hao hao ndio wangejaza zahanati ya binti yangu. Kijiji kikisema kinataka jenereta kubwa, msikidharau. Huenda kinafikiria maji.

Fundi wa Temeke alijibu:

Shikamoo Mzee. Umesema kweli na nilikosea kutolitaja. Ila pampu ya kilowati 1.5 ikianza kuzunguka huvuta mara tatu au zaidi ya nguvu yake ya kawaida. Ukinunua jenereta la kuihimili, kVA 5 au 6, hela ya betri imekwisha, na mafuta yatakuwa shida kila siku.

Maji ni rahisi kuyatunza kuliko umeme. Tangi la lita 5,000 juu ya mnara, lijazwe siku TMA wanapotangaza tahadhari, wakati gridi bado ipo. Baadaye kijiji kikipata fedha, pampu ya sola isiyo na betri: jua likiwaka inajaza tangi, likizama inalala. Sista, kama zahanati haina tangi, toa kwenye hizo milioni 3.2 ununue hata la lita 2,000. Mama akishajifungua anahitaji maji saa ile ile.

Mtanga wa Houston alijibu:

Habari zenu ndugu. Nipo Texas mwaka wa 11. Kimbunga Beryl kilitupiga Jumatatu tarehe 8 Julai 2024, wateja zaidi ya milioni mbili wakakosa umeme, katika joto la kuzimia. Huku nyumba nyingi zina jenereta, na moshi wake unaua watu misimu ya vimbunga. Ni kaboni monoksaidi: haina harufu, haina rangi. Mtu anasikia kichwa kinauma, anajilaza kidogo, haamki.

Jirani yangu alilitia jenereta kwenye gereji na mlango ameuacha wazi nusu kwa sababu ya mvua. Alidhani hewa inatosha. Kilichowaokoa ni king'ora kidogo cha betri ukutani. Tuliwatoa watoto wakitapika. Kwa hiyo Sista, si ndani, si barazani, si chini ya dirisha hata kama mvua inanyesha na mtu anaogopa litaloa. Angalau mita sita kutoka jengoni, bomba la moshi likitazama kwingine, na kibanda chake kiwe paa tu bila kuta.

Kuhusu sola na vimbunga, msiogope. Kimbunga Maria kilipoivunja Puerto Rico Septemba 2017, sehemu nyingine zilikaa karibu mwaka mzima bila umeme. Kule Adjuntas, milimani, kuna kituo cha jamii kinaitwa Casa Pueblo kilichokuwa na sola tangu 1999. Taa zake ziliendelea kuwaka, na watu wenye mashine za kupumulia walikwenda kuchomeka pale.

Mwana Katesh alijibu:

Mimi natoka Katesh, Hanang. Tope lilipotuteremkia kutoka mlimani alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, lilikuja na mawe na miti mizima, na nguzo zikaenda nalo. Nilikuwa najitolea kwenye shule moja waliyohifadhiwa watu. Sina ufundi, nina mambo mawili niliyoyaona.

La kwanza ni simu. Jioni ya kwanza watu walikuwa hawaulizi chakula, walikuwa wanauliza nani ana chaji. Mtu hajui mke yuko shule ipi, mtoto amepelekwa hospitali gani. Kijana mmoja alikuja na betri ya gari na inveta ndogo akawa anachaji bila kudai senti. Foleni yake ilizidi ya uji. Niliandika majina kwenye karatasi, kila simu nikaibandika plasta yenye namba, la sivyo zingepotea. Sista, watu watakuja zahanati kuchaji. Ukiwakataza watachomeka kwa siri kwenye zile soketi nyekundu. Watengee sehemu nje, mchana tu, jenereta likiwa linawaka, na mtu wa kuandika.

La pili ni choo. Taa zote zilizoletwa ziliwekwa penye viongozi na magunia ya msaada. Njia ya choo cha wanawake ilibaki giza, na wasichana wakaacha kunywa maji jioni ili wasitoke usiku. Mwalimu mmoja mama mtu mzima ndiye aliyegundua, akachukua taa ya ofisini akaenda kuitundika mwenyewe. Kwenye hesabu ya Fundi ongeza taa ya tano.

Mkunga wa Kilwa alijibu:

Ndugu zangu, nimetoka kikaoni. Shikamoo Mzee wa Kibiti, tangi limepita, la lita 2,000. Nilisimama na ile 540 ubaoni. Wavuvi ndio walioelewa haraka kuliko wote, maana taa zao za dagaa zinatumia betri na sola na wanajua betri iliyokamuliwa sana haifiki msimu wa pili. Tumekubaliana: betri mbili, paneli za wati 400, jenereta dogo, chenji ova, laini nyekundu. Taa ni tano, ya tano iko njia ya choo. Mama mkwe wa yule mzazi alikuwepo. Yeye ndiye atakayeandika daftari la kuwasha jenereta kila wiki mbili, aliomba mwenyewe.

DIVO amesema atakuja kuangalia friji. Tochi za kichwani zipo kisandukuni.

Fundi, nimepima alama ya maji: sentimeta 62 kutoka sakafuni. Mita moja juu yake inafika usawa wa kati wa dirisha. Nafasi niliyo nayo kwa urefu huo ni rafu ya stoo ya dawa tu. Betri zikae humo?

Fundi wa Temeke alijibu:

Stoo ya dawa hapana, Sista. Jeli haimwagiki, lakini ikichajiwa vibaya inatoa gesi, na inapata joto ambalo dawa zako hazilitaki. Joto lenyewe linaila betri pia: ukivuka nyuzi 25, kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakata umri wake nusu. Tumia korido, ukuta usiopigwa na jua la jioni. Mwambie fundi chuma akuchomelee rafu ya pembe nne yenye wavu mbele na kufuli, ifungwe ukutani kwa bolti za kupenya, si misumari, betri mbili zina uzito wa kilo 60 hivi. Ufunguo mmoja uwe nao wewe, wa pili mlinzi.

Nitumie picha ya ukuta kabla hajatoboa.